Mkalimani Aliyewaficha Watoto wa Kulea

Sauti yake niliijua kabla sijaijua sura yake. Cherehani yangu ilikuwa barazani pale Newala mjini, na ukuta niliouegemea ulikuwa ukuta wa kibanda cha video. Yeye ndani, mimi nje, katikati yetu tofali za udongo. Kwa hiyo video nyingi za miaka ile mimi nilizisikia tu, sikuziona. Nikija kuziona baadaye nilikuwa nabishana nazo, maana hazikuwa kama alivyozisema.

Ilikuwa zama zile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye korosho mbili tatu anataka kuuza kitu. Mitumba ikaingia kwa marobota, ile tuliyoiita kafa Ulaya, nami fundi mzima niliyekuwa nikishona kanzu na magauni ya harusi nikabaki kupunguza viuno vya suruali za watu nisiowajua. Tajiri mmoja wa hapo hapo akaleta jenereta, televisheni na deki, akapanga mabenchi, akatundika pazia jeusi mlangoni. Watu wakajaa siku mbili, ya tatu wakapungua. Picha nzuri, lakini Kihindi nani anakijua huku juu? Ndipo akaitwa yeye. Alikuwa amefanya kazi dukani kwa Mhindi huko Lindi ujanani, akarudi na maneno kadhaa na kujiamini kwingi. Akapewa kigoda pembeni ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea, akaanza kufasiri.

Tulimwita Mkalimani. Wenye adabu walimwita Baba Somoe, kwa jina la binti yake, na hilo ndilo alilolipenda. Ukimwita Mkalimani anaitika "ee" huku anaendelea na shughuli zake. Ukimwita Baba Somoe anageuka mwili mzima.

Na niseme sasa hivi, nisije nikaonekana naficha: Somoe hakuwa wa kumzaa. Mimi nilihamia Newala mtoto tayari anakimbia, kwa hiyo ya mwanzo niliyapata kwa majirani. Yeye na mkewe walikuwa na mpangaji chumba cha uani, msichana mdogo aliyetoka upande wa Chiwata, akajifungua pale pale. Siku moja akamwachia Mama Somoe mtoto, akasema nakwenda kwetu mara moja, narudi. Hakurudi. Mkalimani na mkewe wakamlea, na karatasi hawakuwa nayo hata moja. Huku kwetu nani alikuwa anaandikisha mtoto wa kulea? Somoe mwenyewe hakuambiwa. Mji mzima ulijua isipokuwa yeye, na mji mzima ulinyamaza. Sisi watu wa Newala tunasengenya, sikatai, lakini hilo tulilimeza.

Sasa mfikirie mtu mwenye siri hiyo, halafu riziki yake ni kufasiri video za Kihindi. Maana video za Kihindi, jamani, bila mtoto wa kulea hazipikiki. Mtoto kapotelea sokoni, mtoto kabadilishwa hospitali, mtoto kaachwa kwenye ngazi za hekalu. Analelewa, anakua, anaoga mtoni, mara alama ya kuzaliwa inaonekana begani, wimbo unaanza, mama wa damu anadondosha sinia, na mtoto anakimbia kumkumbatia. Aliyemlea anaachwa amesimama hapo na mikono yake. Picha hairudi kwake tena.

Hilo lilimchoma. Mara nyingi alikuja barazani kwangu jenereta ikiwa inapumzishwa, anakunywa chai yangu bila kukaribishwa wala kuomba, anaanza kulalamika. "Fundi, mlezi kwenye video ana kazi mbili tu," aliniambia. "Kutesa au kufa." Akiwa mbaya anamnyima mtoto chakula, akiwa mzuri anapigwa risasi kabla ya mwisho, ili wale wa damu wakae kwa nafasi. Nikimtania kwamba damu nzito kuliko maji, ananijibu hapo hapo: "Damu ni ya kupimia malaria." Alipenda sana maneno hayo, aliyasema hata mahali yasipohitajika.

Basi akawa anawaficha watoto wa kulea. Hakuna aliyemtuma. Mama wa damu akitokea analia na nywele zimetawanyika, yeye anasema huyu ni shangazi, alikuwa safari. Mtoto akiambiwa wewe hatukukuzaa sisi, yeye anafasiri kwamba kaambiwa shamba linauzwa, ndiyo maana analia. Kuna siku mwanamke alipiga magoti saa nzima mbele ya sanamu anamwomba Mungu amrudishie mwanawe, na mimi huku nje nikasikia, "Huyu mama kapotelewa na ng'ombe wake wa maziwa, anaomba aonekane." Watu wakamhurumia sana. Mzee mmoja alitoka pale akaniambia Wahindi wanajua thamani ya mfugo.

Lakini watazamaji wetu nao hawakuwa wepesi. Huku kwetu, Mmakonde, Mmakua au Myao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo lake lolote, posa, ugonjwa, kesi, haliendi bila mjomba. Kwa hiyo kila filamu ikianza watu wanauliza, "Mjomba wake yuko wapi?" Ikawa lazima mjomba apatikane. Mkalimani akawa anawateua. Mwanamume yeyote mnene mwenye sharubu anayeingia mapema anapewa ujomba, hata akiwa jambazi. Siku moja akamteua mmoja hivyo hivyo kwa haraka, mjomba wa mtoto, yaani kaka wa mama mtu, na filamu ikaenda vizuri mpaka mwisho, ambapo yule mjomba akavishwa mashada ya maua akamwoa mama mtu. Dada yake! Kibanda kililipuka. Wanawake walitoka wanatema mate, mzee mmoja akataka deki izimwe na waliomo wote wakaoge. Mkalimani akasimama juu ya kigoda akaapa kwamba kaona vibaya, yule alikuwa pacha wa mjomba wa ukoo mwingine. Nilicheka hadi nikashona kidole.

Ukimwona katika mambo mengine usingeamini. Uongo aliuchukia kabisa. Aliwahi kugombana na muuza samaki wakavu hadi watu wakajaa, kisa kaambiwa ni wa jana na yeye anaona ni wa wiki. Kijana akimdanganya jambo dogo alikuwa hamsemeshi kwa mwezi. Nilimwuliza siku moja anawezaje kuyaweka mambo hayo mawili katika tumbo moja. Akaniangalia kwa masikitiko, akasema mle ndani yeye hadanganyi, anawarekebisha Wahindi.

Mkewe alifariki Somoe akiwa madarasa ya chini. Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache, kila alfajiri kwenye ukungu na baridi ile yetu utamwona anateremka bondeni na wenzake kufuata maji, khanga kajifunga mpaka masikioni. Alipoondoka, watu walimshauri Mkalimani amtafutie mtoto bibi wa kukaa naye. Hakukubali. Alimpeleka kusukwa kila Ijumaa na kumsubiri hapo hapo kwenye mkeka wa wanawake, hajali kuchekwa. Sare zake nilishona mimi, na alikuwa akisimama juu yangu anakagua pindo. Somoe alikuwa mtoto wa kimya, anapenda kukaa benchi la mwisho karibu na pazia, anasikiliza baba yake anavyosema na watu. Sidhani kama alikuwa akiitazama televisheni sana.

Hata vitabu vilimkera. Mtoto alirudi na kitabu cha hadithi cha shule, kuna yatima analelewa na mama mwingine, anapewa ukoko na kulazwa jikoni, mwisho anaonekana na nduguze wa kweli. Mkalimani akakisoma chote akiwa amesimama uani, kisha akaenda nacho shuleni. Mwalimu wa darasa mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimwuliza kama hakuna kitabu kingine, ambamo mtoto wa kulelewa anakula, analala, anaamka, anakwenda shule. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hiyo isingekuwa hadithi, maana hakuna kinachotokea. Mkalimani akakirudisha kitabu mezani. Akasema, "Basi mimi naishi mahali pasipo na hadithi, na naomba nibaki huko huko." Akatoka.

Kilichokuwa kikimnyima usingizi kilikuwa kimoja, nami nilikijua kwa sababu alikisema waziwazi, si mara moja. Alitaka siku ya mwisho, mbele ya watu, pasitokee mtu wa kusema kwamba yeye si baba wa Somoe. Basi. Kazi hakuitaka, sifa hakuzitaka, hata hao Wahindi angewaachia mtu mwingine. Alisema, "Wakinivua hilo, fundi, nabaki na shati tu."

Mjomba wa kweli wa Somoe alikuja mchana mmoja, na baiskeli, amevaa koti la mtumba lililomzidi. Alinisalimia, akauliza nyumba ya Baba Somoe ni ipi. Nilimwonyesha kwa mkono, nikadhani ni mtu wa korosho. Hakuwa na makuu. Walikaa uani, sauti hazikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Alikuwa kaka wa yule msichana mpangaji. Dada yake alishafariki, miaka mingi, lakini kabla ya kufa alimweleza alikomwacha mwanawe. Sasa Somoe alikuwa mwali, na mwali wa ukoo wao hawezi kuchezwa unyago na watu baki, wasiojua hata bibi zake waliitwa nani. Alikuja kumchukua achezwe kwao Chiwata. Alishukuru sana kwa malezi. Alisema hakuja kugombana, na nadhani alisema kweli.

Mkalimani angeweza kukataa, lakini angemkatalia nani? Kwa mila zetu mjomba akishasimama hapo, aliyelea hana pa kushika. Alimwomba siku chache tu, amwambie mtoto mwenyewe. Akaja kwangu akaniuliza jambo kama hilo mtu analianzaje. Tukakaa pale wanaume wawili wazima, chai inapoa.

Kesho yake ukawekwa mkanda wa zamani, ambao watu walishauona mara nyingi na kuupenda, ule wa shamba linalouzwa. Mimi nilikuwa natia vifungo. Nikasikia sauti yake imebadilika, haina mzaha, haina mikogo. Akafika pale mtoto anapoitwa akae chini. Akasema, "Huyu mama anamwambia huyu binti kwamba hakumzaa yeye. Anamwambia, wewe umezaliwa na mwingine, mimi nimekulea tu. Anamwambia hivi kwa sababu hana jinsi." Nikasikia fimbo inawekwa chini. Filamu ikaendelea na Kihindi chake bila mtu wa kuifasiri. Watu wakaguna, wakaanza kupiga mabenchi wakidai wafasiriwe.

Pazia likafunuliwa, Somoe akatoka nje, akaja kusimama mbele ya cherehani yangu. Jua lilikuwa kali, akawa anafinya macho.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni mimi?" akauliza.

Nikamwambia akamngoje baba yake nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda, taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Walichozungumza sikukijua. Nilichokiona ni asubuhi anaondoka, kasha lake limefungwa nyuma ya baiskeli ya mjomba, nguo mpya nimeshona mimi. Mkalimani aliwasindikiza mpaka inapoanza barabara ya kushukia Masasi, akarudi, akaingia kibandani, akafasiri filamu ya karate. Unyago ukaisha, tukasikia ametoka vizuri, tukasikia bibi zake wamempenda, anabaki kidogo. Ile kidogo ikawa moja kwa moja. Aliolewa huko huko Chiwata. Mahari alishika mjomba, kama ilivyo, na Mkalimani akaalikwa, akala pilau akiwa na wageni wa mbali.

Somoe hakumtupa, nisimsingizie. Idi hadi Idi alikuja, na kuku au mihogo mikavu, akifika anaingia jikoni moja kwa moja na kuanza kuosha vyombo ambavyo baba yake alikuwa ameviacha. Wakiwa wenyewe alimwita Baba, nilisikia kwa masikio yangu. Lakini akija na mjomba wake, au na mumewe, alimwita Mzee. "Mzee, shikamoo." "Mzee, tunaondoka." Labda aliona haya, labda alidhani anawakosea ndugu zake wa damu. Mkalimani aliitikia marahaba kwa sauti ile ile, kisha siku mbili tatu zinazofuata hafasiri vizuri. Hapo mjini nako watu walianza kusita. Kuna walioendelea na Baba Somoe, kuna waliorudi kwenye Mkalimani, si kwa ubaya, ulimi tu ulikuwa haujui uangukie wapi. Aliwaitikia wote.

Baadaye kibanda nacho kikafa. Mikanda ikaanza kuja imeshasemwa Kiswahili na watu wa Dar es Salaam, wenye vipaza sauti vyao, na watoto wa kulea wote wakawa wanatangazwa hadharani. Yeye akarudi kwenye mikorosho yake michache. Nikimkuta njiani ananiuliza habari za cherehani, hataki kuulizwa habari za video.

Mara ya mwisho kuwa naye kwa muda mrefu ni siku alipoletewa habari na dereva wa lori, asubuhi, kwamba Somoe amefariki alfajiri. Homa kali, wiki haikufika. Alinifuata barazani akasema, "Fundi, tunaweza kwenda?" Nikafunika cherehani. Tuliteremka mpaka Masasi kwenye mgongo wa lori, tukapata pikapu ya kwenda Chiwata, na njia nzima alisema jambo moja tu, kwamba yeye atatupa udongo kama wengine, asisumbue watu. Tulifika alasiri, maiti imeshaswaliwa, jeneza ndiyo linanyanyuliwa. Tukafuata.

Makaburini Mkalimani alisimama nyuma kabisa, karibu na vijana wenye majembe. Mume wa marehemu akashuka kaburini, mjomba akashuka. Shehe akasema bado mtu mmoja. Mwanamke hapokelewi kaburini na mtu yeyote tu. Anapokelewa na mumewe, na wanaume ambao ni haramu kumwoa, maharimu zake. Kaka Somoe hakuwa naye. Baba aliyemzaa hakuna aliyemjua. Na mlezi kwa sheria ni mtu baki, hilo hata mimi nililijua. Watu wakawa wanatazamana. Shehe akamwona mzee mgeni huko nyuma, machozi yanamtoka bila sauti, akamwuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Jirani," akasema Mkalimani. "Jirani wa mama yake, zamani."

Mjomba alikuwa shimoni, kichwa tu ndicho kinaonekana. Akaweka mikono yake ukingoni.

"Shehe, huyo ni babaye," akasema.

Shehe akauliza babaye kivipi, na baba mtu hajulikani. Mjomba akasema ni baba wa ziwa. Akaeleza pale pale, mbele ya umma: dada yake alipojifungua alipata homa, maziwa yakakauka, na mke wa mzee huyu alikuwa ametoka kuzika kichanga chake mwenyewe wiki hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyemnyonyesha. Dada yake alimwambia hivyo kwa kinywa chake kabla ya kufa. Mimi sikuwahi kulisikia jambo hilo hata siku moja. Kile kichanga hawakuwa wakikitaja.

Shehe akamgeukia. "Mkeo alimnyonyesha?"

"Alimnyonyesha."

"Kwa kushiba? Si mara moja mbili?"

"Mpaka alipoacha mwenyewe," akasema Mkalimani. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hajui anaulizwa kwa nini. Miaka yote ile alidhani ni chakula tu mtoto alipewa, hakujua kwamba kwa sheria ziwa nalo linafanya undugu.

"Basi ni binti yako," shehe akasema. "Shuka."

Alivua ndala zake, nikazishika mimi. Mjomba akampa mkono akamteremsha, akasogea, akampisha upande wa kichwa. Wakampokea. Wao wawili walipomaliza yeye alikuwa bado ameinama, ikabidi wamguse bega.

Tuliporudi tulikaa nyuma kwenye pikapu, udongo umemjaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Kisha akaniuliza yule shehe alisemaje, kwamba masikio yake yalikuwa yameziba. Nikamwambia: alisema, basi ni binti yako, shuka.

"Watu walisikia?"

"Walisikia wote."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama mikorosho inavyopita. Akanigusa goti.

"Na Somoe?" akauliza.

Nilimshika mkono, tukaenda hivyo mpaka Masasi.